Viza ya Marekani kwa wenye uwezo wa kipekee: Kinachopimwa ni ushahidi wa maandishi

MWANARIADHA anayeamka alfajiri Nyasura, katika mji wa Bunda mkoani Mara, na kukimbia hadi jua lichomoze, hahesabiwi na sheria ya uhamiaji ya Marekani kuwa mtu mwenye uwezo wa kipekee kwa sababu tu ana kasi. Vivyo hivyo mtafiti wa samaki wa Ziwa Victoria, mpiga litungu au daktari bingwa aliyezaliwa katika kata hiyo. Sheria inawauliza wote swali moja: ni nani, asiye jamaa wala rafiki yako, amewahi kuthibitisha kwa maandishi kwamba wewe ni miongoni mwa wachache waliofika juu kabisa katika kazi yako?

Swali hilo ndilo msingi wa viza iitwayo EB-1, daraja la kwanza la viza za uhamiaji zinazotolewa kwa misingi ya ajira. Mijini viza hii inazungumzwa sana, na mara nyingi kwa uvumi. Wapo wanaodhani ni ya washindi wa Tuzo ya Nobel pekee, na wapo wanaoambiwa na mawakala kwamba cheti chochote chenye muhuri kinatosha. Pande zote mbili zinakosea. Na kwa Mtanzania, tangu Januari 1, 2026, liko jambo jingine lililo zito kuliko hayo: ombi lake laweza kukubaliwa, lakini viza yenyewe isitolewe.

Kabla ya mwaka 1990

Mkoa wa Mara umekwisha kumtoa mtu ambaye kwa vigezo vya leo asingehitaji maelezo mengi. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alitwaa medali ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, wakati akiwa mwanafunzi na mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, iliyopatikana katika michezo hiyohiyo, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzipata.

Hata hivyo, viza ya ukaazi kwa wenye uwezo wa kipekee haikuwapo wakati huo. Njia ya mkimbiaji wa Afrika Mashariki kufika Marekani ilikuwa masomo: vyuo vikuu vilitafuta wakimbiaji, vikawapa ufadhili, nao wakaingia kwa viza ya mwanafunzi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 ilikuwa na viza ya muda ya H-1 kwa watu wenye sifa na uwezo uliotukuka, lakini ilikuwa kapu moja lililobeba wahandisi, wauguzi, wanamuziki na wanamichezo kwa pamoja.

Mabadiliko yalikuja na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush Novemba 29 mwaka huo. Ndiyo sheria iliyozaa bahati nasibu ya viza, inayojulikana sana nchini kama bahati nasibu ya green card, ambayo Serikali ya Marekani ilitangaza kuisimamisha Desemba 2025. Sheria hiyo pia ilitenga viza zipatazo 140,000 kila mwaka kwa wahamiaji wa ajira, wake, waume na watoto wao wakihesabiwa humo. Asilimia 28.6 ya viza hizo, yaani takriban 40,000, ni za daraja la kwanza.

Daraja hilo lina makundi matatu. La pili ni la maprofesa na watafiti mashuhuri wenye uzoefu usiopungua miaka mitatu, na la tatu ni la mameneja na wakurugenzi wa kampuni za kimataifa. Wote hao wanahitaji mwajiri wa Kimarekani wa kuwaombea. Kundi la kwanza, la wenye uwezo wa kipekee katika sayansi, sanaa, elimu, biashara au michezo, halihitaji mwajiri. Mwombaji anaweza kujaza mwenyewe fomu namba I-140 na kuiwasilisha kwa Idara ya Uraia na Huduma za Uhamiaji ya Marekani, inayofahamika kwa kifupi chake cha USCIS. Anachotakiwa kuonyesha kuhusu kazi ni kwamba anakwenda kuendelea na fani yake ileile, na kwamba kuwapo kwake kutainufaisha nchi hiyo.

Hakuna kima cha elimu kilichowekwa. Mwenye shahada ya uzamivu na aliyeishia darasa la saba wanasimama mbele ya vigezo vilevile.

Tuzo moja, au vigezo vitatu kati ya kumi

Zipo njia mbili za kuthibitisha uwezo huo. Ya kwanza ni fupi: mwombaji awe na tuzo kubwa inayotambulika kimataifa. Mifano inayotolewa na idara hiyo ni Nobel, Pulitzer, Oscar na medali ya Olimpiki. Kwa Afrika Mashariki, hao ni watu wa kuhesabika kwa vidole. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 2021, angepita kwa karatasi moja kama angetaka kuhamia huko, na Mkenya Lupita Nyong'o vilevile kwa Oscar aliyoipata mwaka 2014. Nyambui naye angekuwa katika orodha hiyo.

Waliobaki hupitia njia ya pili, yenye vigezo kumi, ambavyo kati yake mwombaji anatakiwa kutimiza visivyopungua vitatu. Kusema vitatu kati ya kumi kunafanya jambo lionekane jepesi, na ndipo wengi wanapojikwaa.

Kigezo cha kwanza ni zawadi au tuzo za ubora zinazotambulika kitaifa au kimataifa. Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania medali ya dhahabu ya kwanza ya mashindano ya riadha ya dunia aliposhinda marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, miezi michache baada ya kushika nafasi ya pili Boston, ni mfano wa mtu ambaye kigezo hiki hakiwezi kumsumbua. Lakini kikombe cha mashindano ya wilaya, au cheti cha mfanyakazi bora wa Mei Mosi, havina uzito huo. Ofisa anayepitia jalada huuliza ni nani walioshindana, ni nani aliyetoa tuzo, na ni nani nje ya ukumbi aliyeifahamu.

Kingine ni uanachama katika vyama vinavyodai mafanikio yasiyo ya kawaida kabla ya kumpokea mtu. Hapa wataalamu wengi wa Kitanzania huweka nyaraka zisizowasaidia. Usajili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi au uanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika ni sharti la kufanya kazi, na kila aliyehitimu anaupata. Kuchaguliwa na wenzako kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Afrika, yenye makao Nairobi, ni jambo jingine kabisa.

Kuwa jaji wa kazi za wengine nako kunahesabika. Msomi aliyepitia makala za wenzake kwa ajili ya jarida la kitaaluma, mtahini wa nje wa tasnifu za uzamivu, hata msanii aliyekaa kwenye meza ya majaji wa shindano kama Bongo Star Search, wote wana hoja. Tatizo ni kwamba watu wengi hufanya kazi hizo kwa heshima tu na hawabaki na karatasi. Barua ya mwaliko haitoshi. Inatakiwa ithibitike kwamba kazi ilifanyika kweli.

Michango mipya yenye umuhimu mkubwa katika fani ndiyo moyo wa majalada ya wanasayansi. Mtafiti aliyechapisha makala kuhusu sangara au dagaa wa Ziwa Victoria anatimiza kigezo cha uandishi wa kitaaluma kwa kuchapisha tu. Ili atimize na kigezo cha mchango, inabidi aonyeshe kwamba utafiti wake ulibadilisha kitu: wengine waliutumia, serikali ilipanga msimu wa uvuvi kwa kuutegemea, kiwanda kilibadili njia yake ya kazi. Barua za wataalamu zina nafasi yake hapa, na zenye nguvu zaidi ni za watu waliomfahamu mwombaji kwa kazi yake kuliko za mwalimu aliyemfundisha. Barua inayomsifu kuwa mchapakazi na mcha Mungu haiongezi kitu.

Vigezo vilivyosalia ni kazi za sanaa kuonyeshwa katika maonyesho. Kushika nafasi ya uongozi au iliyo muhimu katika taasisi yenye sifa. Mafanikio ya kibiashara katika sanaa za jukwaani, ambapo kanuni bado inataja mauzo ya kaseti. Kuandikwa na vyombo vya habari. Na malipo makubwa kuliko ya wenzake. Hilo la malipo huwakatisha tamaa Watanzania wengi bure. Mwongozo wa idara hiyo unaelekeza mapato yalinganishwe na ya watu wa fani hiyo mahali mtu anapofanyia kazi. Mshahara haubadilishwi kuwa dola na kuwekwa kando ya mshahara wa New York. Hati za malipo, kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na takwimu za mishahara ya fani husika ndizo zinazojenga hoja.

Kutimiza vitatu si kushinda. Tangu uamuzi wa mahakama ya rufaa katika kesi ya Kazarian ya mwaka 2010, maofisa hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza wanahesabu vigezo. Kisha wanaliangalia jalada zima na kujiuliza kama kweli mtu huyu yupo juu kabisa katika fani yake na kama sifa yake imedumu kitaifa au kimataifa. Waombaji wenye vigezo vinne au vitano wamekataliwa katika hatua hiyo ya pili, kwa sababu kila kimoja kilitimizwa kwa kuchechemea.

Tatizo la ‘Mwandishi Wetu’

Kigezo cha kuandikwa na vyombo vya habari kinastahili maelezo ya pekee, kwa kuwa kinagusa desturi ya magazeti ya hapa nyumbani. Kanuni inataka habari iwe inamhusu mwombaji na kazi yake, iwe imetoka katika chombo kikubwa au jarida la kitaaluma, na ioneshe kichwa cha habari, tarehe na jina la mwandishi. Habari nyingi za Kiswahili hutoka kwa jina la ‘Mwandishi Wetu’. Desturi hiyo ina sababu zake, nyingine za usalama, lakini kwa ofisa aliye Nebraska au Texas, makala isiyo na jina la mwandishi ni ushahidi wenye pengo. Mwombaji hulazimika kuomba barua ya mhariri kueleza desturi hiyo na kuthibitisha kwamba habari ilichapishwa.

Zaidi ya hapo, kila ukurasa wa Kiswahili lazima uambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Muhtasari haukubaliki. Tena inabidi kuonyesha ukubwa wa chombo chenyewe: nakala zinazouzwa, wasikilizaji, au wasomaji wa mtandaoni. Kwa mwanamuziki aliyevuma enzi za kaseti na redio, ambaye magazeti yaliyomwandika yamebaki katika makabati ya maktaba tu, kukusanya haya kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko uamuzi wenyewe.

Ndiyo maana kazi ya jalada huanza miaka mingi kabla ya ombi. Mwanariadha wa Nyasura anayeshiriki mashindano ya taifa anahitaji matokeo rasmi yenye jina lake lililoandikwa kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria. Jambo hilo ni dogo, lakini katika mkoa ambao mtu hujulikana kwa jina la shuleni, la nyumbani na la ubatizo, limekwisha kuleta matatizo katika nyaraka za aina nyingi.

Viza za muda

EB-1 humpa mtu ukaazi wa kudumu. Kwa anayetaka kwenda kufanya kazi kwa kipindi na kurudi, sheria hiyohiyo ya mwaka 1990 ilianzisha viza za O na P.

O-1 nayo ni ya wenye uwezo wa kipekee. Hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu mwanzoni na huweza kuongezwa mwaka hadi mwaka. Vigezo vyake vinafanana na vya EB-1, ingawa wasanii hupimwa kwa kipimo chepesi kidogo, cha umashuhuri. Tofauti kubwa ni kwamba mtu hawezi kujiombea: lazima awepo mwajiri au wakala aliyeko Marekani, na maoni ya chama cha watu wa fani hiyo yaambatanishwe. Mke au mume na watoto huruhusiwa kufuatana naye, lakini hawaruhusiwi kufanya kazi.

P-1 ni ya wanamichezo na vikundi vya burudani vinavyotambulika kimataifa. Mwanamichezo binafsi anaweza kupewa hadi miaka mitano. Kwa miaka mingi mkimbiaji aliyekwenda kushindania fedha za zawadi tu hakuilazimikia, kwani aliweza kutumia viza ya kawaida ya biashara ya B-1, akakimbia, akachukua zawadi yake na kurejea. Njia hiyo sasa imebanwa.

Zuio la mwaka 2026

Desemba 16, 2025 Rais Donald Trump alitoa tangazo lililoiingiza Tanzania katika kundi la nchi zilizowekewa zuio la sehemu, kuanzia Januari 1, 2026. Zuio hilo linahusu viza zote za uhamiaji, ikiwamo EB-1, pamoja na viza za matembezi na biashara za B na za wanafunzi na mabadilishano za F, M na J. Viza za O na P hazikutajwa katika kundi hilo. Januari 2026 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza hatua nyingine ya kusitisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, kwa hoja ya kuzuia wahamiaji wanaoweza kuwa mzigo kwa misaada ya umma. Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Kenya haimo.

Mwezi huohuo idara ya USCIS nayo ilielekeza kwamba maamuzi ya maombi mengi ya raia wa nchi zilizo katika tangazo la rais yasimamishwe wakati yakipitiwa upya.

Kwa maneno mengine, Mtanzania mwenye sifa zote bado anaweza kuandaa jalada na kuliwasilisha, lakini hana hakika ya lini litaamuliwa, na likikubaliwa, hatua ya mwisho katika ubalozi imefungwa kwa kadiri hatua hizo zinavyoendelea kutumika. Tangazo la rais lina misamaha. Mmoja ni wa wanamichezo, makocha na wasaidizi wao wanaokwenda Kombe la Dunia, Olimpiki au mashindano mengine makubwa yatakayoamuliwa na Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Olimpiki ya mwaka 2028 itafanyika Los Angeles. Timu ya taifa, basi, ina mlango. Mkimbiaji binafsi anayetafuta fedha za zawadi katika mbio za barabarani za miji midogo hana uhakika huo, na inabidi apate mtu wa huko wa kumwombea P-1.

Sheria ya mwaka 1990 haikumuuliza mwombaji alikozaliwa ili kumpima uwezo. Aliyezaliwa Bunda na aliyezaliwa upande wa pili wa mpaka, Migori, wakiwa na muda uleule wa marathoni, walikuwa sawa mbele ya fomu I-140. Katika hatua ya ubalozi hawako sawa tena.

Jingine la kushangaza lilitokea Septemba 19, 2025, kabla ya mazuio hayo, rais huyo alipotia saini amri ya kile kinachoitwa Kadi ya Dhahabu. Chini ya amri hiyo, mtu anayetoa zawadi ya dola milioni moja kwa Serikali ya Marekani huchukuliwa kuwa ameleta ushahidi wa uwezo wa kipekee katika biashara. Viza zake hutoka katika fungu lilelile la watafiti na wanariadha. Mjadala kuhusu nani hasa anastahili si mgeni, kwani hata mke wa rais huyo, Melania Trump, aliyekuwa mwanamitindo, alipata ukaazi kupitia EB-1 mwaka 2001, kama lilivyoandika gazeti la Washington Post mwaka 2018.

Gharama na mawakala

Tangu Aprili 2024 ada ya fomu I-140 ni dola 715, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300. Anayetaka uamuzi katika siku 15 za kazi hulipa ada ya haraka inayokaribia dola 3,000. Ada ya viza ya uhamiaji ubalozini ni dola 345 kwa kila mtu, mbali na uchunguzi wa afya. Wakili, kwa atakayemhitaji, hutoza maelfu ya dola. Ada za serikali hazirudishwi ombi likikataliwa, wala viza isipotolewa kwa sababu ya zuio. Mwenye familia ya watu watano anapaswa kupiga hesabu hiyo kabla hajauza kiwanja.

Wanaoruhusiwa kumwakilisha mwombaji mbele ya idara hiyo ni mawakili wenye leseni na wawakilishi waliosajiliwa na Serikali ya Marekani. Wakala wa mtaani anayeahidi ‘viza ya vipaji’ pamoja na kazi hana mamlaka yoyote, na fomu anazoziuza hupatikana bure katika tovuti ya serikali. Hatari kubwa zaidi ni biashara ya sifa: tuzo zinazonunuliwa, uanachama wa kulipia, makala za kujisifu zinazochapishwa kwa fedha. Maofisa wanazifahamu. Anayethibitika kudanganya katika jambo la msingi anaweza kufungiwa kuingia Marekani maisha yake yote, hata kama baadaye atapata sifa za kweli.

Suala la uraia

Green card haimwondolei mtu uraia wa Tanzania. Inayoweza kumwondolea ni hatua inayofuata. Baada ya miaka mitano ya ukaazi mtu anaweza kuomba uraia wa Marekani, na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Kwa mwanamichezo, jambo hili lina uzito wa pekee. Mkenya Bernard Lagat alipata uraia wa Marekani Mei 2004, wakati Kenya nayo ilikuwa bado haijaruhusu uraia pacha, kisha Agosti mwaka huohuo akakimbia Athens kwa jezi ya Kenya na kupata medali ya fedha ya mita 1,500. Habari za uraia wake zilipofahamika mwaka uliofuata ziliibua maneno mengi. Mwaka 2007 mjini Osaka alishinda mita 1,500 na mita 5,000 za mashindano ya dunia, safari hii kwa bendera ya Marekani. Kenya iliruhusu uraia pacha katika katiba yake ya mwaka 2010. Tanzania haijafanya hivyo, na mkimbiaji wa Mara atakayefuata njia hiyo atalazimika kuchagua.

Milango mingine

Marekani si nchi pekee yenye viza ya namna hii. Uingereza ilifungua Viza ya Vipaji vya Dunia Februari 2020, kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2011. Nayo haimtaki mwombaji awe na ajira mkononi. Wengi wao huidhinishwa kwanza na taasisi za fani zao, kama vile Royal Society kwa wanasayansi na Arts Council England kwa wasanii, na wanamichezo wana viza yao tofauti. Falme za Kiarabu, ambako Watanzania wengi wanafanya kazi, zilianzisha mwaka 2019 viza ya dhahabu ya ukaazi wa muda mrefu, hadi miaka kumi, kwa wawekezaji, wataalamu na watu wa sanaa.

Tanzania yenyewe haina daraja la uwezo wa kipekee. Mgeni anayekuja kufanya kazi, awe profesa au mshambuliaji wa Simba au Yanga, hupitia vibali vya kazi chini ya sheria ya ajira kwa wageni ya mwaka 2015, ambayo inamdai mwajiri aonyeshe juhudi alizofanya kumtafuta Mtanzania.

Kwa wale ambao maombi yao ya EB-1 yalikwisha kukubaliwa kabla ya Januari 2026, kukubaliwa huko hakufutwi na zuio pekee. Tarehe ambayo ombi lilipokewa huendelea kuwa yao, na ndiyo itakayotumika kupanga foleni milango ikifunguliwa. Lakini sheria inaruhusu usajili wa viza kufutwa endapo mtu aliyearifiwa kwamba viza ipo tayari atakaa mwaka mzima bila kuchukua hatua, hivyo kila taarifa inayotoka Kituo cha Taifa cha Viza cha nchi hiyo inapaswa kujibiwa, na nakala ya jibu kutunzwa pamoja na jalada.